Sinki Linalojua Kuaga Maji

Mtu wa Kapedo haambiwi bafu zuri ni lipi. Chini ya Silali, ile volkano kubwa iliyo mashariki ya mji, maji huchimbuka miambani yakiwa na joto la nyuzi 50 hivi, yakajikusanya yakawa mto, yakafika gengeni na kuporomoka kwa kishindo kando ya mikoma. Kutoka hapo hushika bonde la Suguta kuelekea Ziwa Logipi. Hakuna mfereji wa kufungua wala bili ya kulipa. Magazeti huutaja mji huu, ulioko mpakani mwa Turkana na Baringo, kwa habari za bunduki na mifugo iliyoibwa. Wenyeji huutaja kwa maji.

Hapo ndipo nilipojenga chumba cha kuogea, na kwa kiburi cha mtu aliyekaa sana mjini nikataka sinki la kupendeza. La kwanza nililinunua kwa macho. Lilikuwa la chuma kinachong'aa, umbo la bakuli, la kuketi juu ya meza kama nilivyoliona kwenye picha za hoteli. Miezi michache baadaye lilikuwa limeota ukoko mweupe pembeni na madoa ya kutu kuzunguka tundu. Maji yetu yana chumvi na magadi. Kila tone linalokauka huacha alama. Na sinki lile lilikuwa na sakafu bapa, hivyo kila aliyenawa aliacha kidimbwi cha upana wa kiganja, ambacho joto lilikikausha kabla mwenyewe hajafika sebuleni. Alama juu ya alama. Aliyeniuzia hakunikosea. Mimi ndiye niliyechagua sinki bila kuyauliza maji.

Jamaa mmoja akaniambia kwamba Lodwar kuna kijana anayemwaga sinki za terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe iliyosagwa mpaka ikang'aa. Nikafunga safari.

Nilimkuta chini ya mwarobaini, amezungukwa na mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai.

"Ejoka, mwalimu."

"Ejok noi, fundi."

Nilitarajia aniulize rangi. Aliniuliza maji yanatoka wapi, tangi limeinuliwa kiasi gani, na yakishatumika yanakwenda wapi. Maswali mawili ya kwanza niliyajibu. La tatu lilinikwama, maana bomba langu liliishia nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta hakuna aliyewahi kuangalia.

"Basi tuanze na hilo la tatu," alisema. "Kupokea maji hata sufuria inaweza."

Kalibu yake ni beseni la plastiki, lile la kufulia ambalo kila nyumba inalo. Alilifudikiza juu ya ubao, akakagua ubao kwa pimamaji, akalipaka beseni oili chafu ya injini ili saruji isigande nalo. Angemwaga zege hapo hapo, angepata sinki lenye sakafu bapa, pacha wa lile nililolikimbia. Alichukua udongo wa mfinyanzi, akaukanda, akaanza kujenga kilima kwenye mgongo wa beseni.

Kilima hicho ndicho kazi yenyewe. Kwa kuwa kila kitu kimepinduliwa, palipo juu ndipo patakapokuwa chini, na kilele ndicho kitakachokuwa tundu la kutolea maji. Fundi huyu hufikiri kichwa chini miguu juu siku nzima. Aliulainisha udongo kwa kidole gumba alichokichovya majini, akauzunguka, akainama mpaka jicho likawa sawa na ubao, akaongeza kipande kidogo kama punje ya mahindi upande wa kushoto, akazunguka tena. Nikatazama saa. Dakika 40 zilikwisha kwa mteremko ambao sinki likishageuzwa huwezi kuuona.

"Ukiuona, umezidi," alisema. "Kikombe cha mswaki kitaanguka. Maji peke yake ndiyo yanayotakiwa kuujua."

Nilipomwuliza alijifunza wapi, alinyoosha mkono kuelekea mtoni, akataja atubwa. Hilo ni hori la mbao ambalo Waturkana huchonga kutoka gogo moja na kuliweka kando ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa laga, ule mto wa msimu. Anayeteka maji husimama ndani ya shimo, maji hupandishwa, humiminwa horini, mbuzi hunywa. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayaachwi kwenye pembe ambako mdomo wa mbuzi haufiki. Kwa hiyo tumbo la hori halina pembe, na kingo zake zimeviringishwa zisikwaruze koo la mnyama. Mchongaji hutumia tezo, akipiga kidogo kidogo kufuata ulalo wa mbao, kisha hulipaka mafuta ili jua lisilipasue. Kijana huyu alichunga mbuzi utotoni. Alitazama maji ya mwisho yakikimbilia katikati ya hori kabla hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa terazo.

Kumwaga kwenyewe alikufanya alfajiri ya siku iliyofuata, taa ya simu ikiwa imening'inizwa mtini. Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 35 bila taabu, na saruji iliyomwagwa kwenye joto hilo hupokonywa maji yake, ikajaa nyufa nyembamba kama nywele. Kwanza likaja tabaka la uso: saruji nyeupe iliyochanganywa na vipande vya marumaru, pamoja na changarawe nyeusi za volkano na nyeupe alizookota mwenyewe lagani na kuziosha. Alilibandika kwa mkono kuanzia kilele cha kilima kwenda chini. Kilele kilikuwa kimechomekwa kipande cha bomba la plastiki kushikilia nafasi ya tundu. Kisha wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku, na juu yake tabaka la mchanga na saruji ya kawaida. Muda wote alikuwa akigonga ubao kwa kisigino cha mkono, gonga gonga gonga, mapovu ya hewa yakipanda na kupasuka. Povu linalobaki leo, alisema, kesho ni shimo la kuhifadhi uchafu.

Siku mbili baadaye alilitoa kwenye kalibu na kulifunika magunia mabichi kwa siku saba, akiyamwagia maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Watu husema saruji inakauka. Yeye husema inakunywa, na anasema kweli: saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, na ukiinyima mapema hubaki dhaifu maisha yake yote.

Siku hizo saba nilikuwa na shughuli Kakuma, na nadhani ujirani na fundi ulikuwa umenibadilisha macho. Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992, na makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa kando yake mwaka 2016. Huko niliona sinki dogo kuliko yote: kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, na kamba iliyofungwa kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, kidumu kinainama, maji yanachirizika. Ukiachia, kinarudi. Mkono mchafu haugusi chombo, na maji ya kikombe kimoja yananawisha zaidi ya mtu mmoja. Chini yake huwekwa kokoto pasitokee tope. Mtu aliyekibuni alikuwa na swali moja tu, maji yafike vipi mkononi bila kupotea, akalijibu kwa kamba na kijiti.

Nikakumbuka pia nyumba za kale za mawe kule Lamu. Ndani ya choo kuna birika lililojengwa kwa mawe na chokaa, na kwenye sakafu ya birika mafundi walizika bakuli la kauri lililovuka bahari. Birikani waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Birika likipungua maji, samaki walijikusanya kwenye bakuli lile wakasubiri birika lijazwe upya. Bakuli zuri kuliko yote nyumbani liliwekwa mahali ambapo mgeni asingeliona, kwa sababu huko ndiko lilikokuwa na kazi.

Niliporudi Lodwar, magunia yalikuwa yameondolewa na kusaga kumeanza. Kabla ya kusagwa terazo haina sura. Ni kijivu cha kukatisha tamaa. Fundi alianza na jiwe la kusagia namba 60, maji yakichuruzika muda wote, uji mweupe ukimtiririka viwikoni. Halafu namba 120, halafu 220. Katikati alisimama, akaziba vitundu kwa rojo la saruji nyeupe, akangoja, akarudi namba 400. Ugumu ulikuwa kwenye changarawe zake mwenyewe. Marumaru ni laini, kokoto nyeupe za lagani ni ngumu, kwa hiyo jiwe hula moja haraka na kuiacha nyingine imesimama kama kichuguu. Aliyetazama kwa macho tu angedhani uso umekwisha. Aliyeupitishia mgongo wa mkono angejua haujaisha. Fundi alitumia mgongo wa mkono. Kiganja, alisema, kimeshakuwa sugu, hakisikii tena.

Kidogo kidogo mawe yakafunguka, meusi na meupe na ya rangi ya maziwa, kana kwamba mtu anapangusa vumbi kwenye kioo.

Nikamwuliza nilisafishe na nini. Nilizoea ndimu, maana asidi huuyeyusha ukoko wa maji magumu.

"Ndimu itakula ukoko," alisema, "halafu itaendelea kula sinki."

Ni kweli: saruji na marumaru haziivumilii asidi. Basi dawa ya ukoko katika sinki la aina hii ni moja, kutoacha maji yakae yakakauka. Nikaelewa zile dakika 40 za udongo.

Anayechagua sinki la kauri ana nafuu hapo, kwa sababu kauri huchomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi zaidi ya elfu moja mpaka uso wake unakuwa kama kioo, na ndimu haiudhuru. Lakini hata kwake maswali ya fundi hayabadiliki. Sinki la bakuli juu ya meza linadai meza ishushwe, la sivyo mtoto atanawa akiwa ameinua viwiko. Ukingo wa sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni hutosha watu wengi. Sinki la kina kifupi linataka mfereji wa upole. Tangi lililoinuliwa mita tatu husukuma maji kwa unyenyekevu, hivyo kwetu kina kifupi si hatari, ila mwenye pampu ataoga kabla hajanawa. Mdomo wa mfereji nao uelekee karibu na tundu. Ukimwaga ukingoni, mkono utagonga ukuta wa sinki kila siku.

Chini ya yote kuna kipande ambacho hakuna anayekisifu: bomba lililopinda ambalo mafundi huliita trapu. Hubakiza maji kidogo kwenye kona yake, na maji hayo huwa kizuizi, harufu ya majitaka isipande chumbani. Alexander Cumming, fundi wa saa kutoka Scotland, ndiye aliyepata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa hivyo mwaka 1775. Hainishangazi kwamba alikuwa mtu wa saa. Huko ndiko mtu huzoea kuheshimu kitu kidogo kilichofichwa.

Sinki lilisafiri kupitia Lokichar na Lokori nyuma ya lori, limezungushiwa godoro kuukuu, fundi ameketi kando yake kama anayesindikiza mgonjwa. Kapedo tulilibeba watu wawili. Aliliweka juu ya nguzo ya matofali, akaweka pimamaji huku na huku, akapenyeza kabari ya mbao nyembamba, akaitoa, akapenyeza nyembamba zaidi. Bomba la kutolea maji hakuliacha tena nyuma ya ukuta. Alilizika kwa mteremko mpaka kwenye shina la mtende mchanga nilioupanda uani, maana mtende ni mti usioogopa maji ya chumvi.

Mwishoni aliomba kikombe kimoja cha maji. Hakufungua mfereji. Alikimimina polepole kwenye ukingo wa mbali kabisa, tukatazama. Maji yakatanda, yakasita kidogo kama mgeni anayetafuta viatu mlangoni, halafu yakajivuta yote kwa pamoja kuelekea tunduni. Utepe mmoja ulibaki nyuma, ukawa uzi, uzi ukakatika ukawa tone, tone likafuata wenzake. Fundi alipitisha mgongo wa mkono sakafuni mwa sinki, akautazama, akaujaribu shavuni.

"Bado unyevu kidogo," alisema, akaomba jiwe namba 400.

Huko nje, kwenye shina la mtende, udongo ulikuwa umeanza kuwa mweusi.