Mkojo Hausahau: Jinsi Maji Yanayomezwa Bwawani Yalivyopimwa

Muulize mtu anayetoka bwawani amemeza maji kiasi gani. Atasema hakumeza, au labda funda moja. Hadanganyi, hajui tu. Maji mengine hupenya puani, mengine huingia mdomoni anapovuta pumzi, na hakuna anayekaa kuhesabu. Kumpima uzito kabla na baada nako hakufai, kwa kuwa jasho peke yake linatosha kuvuruga hesabu.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Alfred Dufour wa shirika la serikali la kulinda mazingira, walichapisha njia ninayoiona miongoni mwa hesabu nadhifu kabisa katika afya ya jamii. Hawakutia kitu kipya majini. Walitumia kilichokuwamo tayari.

Mabwawa mengi ya wazi hutiwa klorini ya aina inayoambatana na asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini isiharibiwe upesi na jua. Asidi hiyo ina tabia mbili za thamani kwa mpimaji: mwili hauivunjivunji, na ndani ya takriban saa 24 karibu yote iliyomezwa hutoka na mkojo. Kupitia ngozi huingia kidogo mno.

Basi waogeleaji 53, watoto na watu wazima, waliogelea kwa angalau dakika 45. Hawakuogelea siku iliyotangulia wala iliyofuata. Kisha kila mmoja alikusanya mkojo wake wote wa saa 24. Hapo ndipo penye uzito wa kazi: ukimwaga mkojo wa safari moja tu ya chooni, jibu linapungua.

Baada ya hapo ni hesabu ya darasani. Tuchukue mfano: lita moja ya maji ya bwawa ina miligramu 50 za asidi hiyo, na mkojo wa siku nzima umekutwa na miligramu 1.5. Gawanya 1.5 kwa 50, unapata lita 0.03, yaani mililita 30: vijiko viwili vya chakula.

Matokeo halisi yalikuwa wastani wa mililita 37 kwa watoto na 16 kwa watu wazima. Watu 53 ni wachache, kwa hiyo utafiti ulirudiwa kwa njia ileile, safari hii kwa washiriki 549, ukachapishwa mwaka 2017. Tofauti haikufutika, bali ilikua: watoto walimeza takriban mara nne ya watu wazima, na walikaa majini karibu mara mbili ya muda wao.

Vijiko viwili vya maji vinaonekana si kitu. Lakini kijidudu cha kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara, huweza kuishi siku kadhaa katika maji yenye klorini ya kawaida, na vichache tu vinatosha kumwuguza mtu. Anayekadiria hatari kwa kipimo cha mtu mzima anamsahau yule anayemeza zaidi, ambaye mwili wake ni mdogo zaidi.

Kwa hiyo mtoto anayeharisha asiingizwe bwawani, hata akilia. Maji atakayoyachafua yatamezwa na watoto wenzake, na sasa tunajua ni kiasi gani.