Injini Ilale Kwanza

Gari lilifika gereji moja ya Gerezani saa saba mchana, taa ya injini ikiwaka. Mwenyewe alishachoka kutoa hela: plagi mpya, koili mpya, misi iko palepale. Fundi akachomeka mashine, akasoma P0300, akachomoa.

"Hii inasema silinda zinakosa moto, haisemi kwa nini. Inamisi saa ngapi, kaka?"

"Asubuhi tu. Dakika moja, kisha inatulia."

"Basi liache lilale hapa."

Mimi nilikuwa nimekalia tairi kuukuu nikisubiri breki zangu. Jibu hilo ndilo lililonirudisha kesho yake saa moja kasoro robo.

Injini za turbo kama ya gari hilo, ambazo injekta zake humwaga petroli ndani ya silinda yenyewe, zina uchafu wake. Zamani petroli ilinyunyizwa kwenye njia ya hewa, ikawa inaziosha valvu za kuingizia kila zinapofunguka. Siku hizi inapita kando, kwa shinikizo linaloweza kuvuka baa 100, na migongo ya valvu hizo haionji hata tone. Kinachoifikia ni mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini. Unaganda, unaungua, unakuwa masizi magumu kama ukoko.

Mimi ningeifungua injini hapohapo. Fundi aliwasha kwanza, akainamisha kichwa: cheni ya taimingi haikukwaruza. Injini ikatetemeka, ikamisi, naye macho kwenye mashine. Shinikizo la petroli halikuanguka. Kompyuta haikuwa inaongeza petroli kupita kawaida, kwa hiyo hakuna hewa ya wizi. Akafungua mfuniko wa oili injini ikinguruma. Ungenata kama umefyonzwa, na mluzi juu yake, angejua kiwambo cha kupitishia mvuke kimepasuka; lakini ulitoka kirahisi. Turbo, ambayo kila mwenye gari huilaumu kwanza, hakuigusa. Injini isiyo na mzigo haiitumii kwa lolote la maana.

Ndipo akafungua manifoldi na kupitisha kamera nyembamba. Weusi mtupu.

Wako mafundi wanaopuliza maganda ya jozi yaliyosagwa: yanakwangua masizi, hayaumizi chuma. Yeye alikuwa na dawa, brashi na kijiti cha shaba. Kabla ya kila silinda aliizungusha injini kwa spana, taratibu, hadi valvu zake zote mbili za kuingizia zifunge, uchafu usidondokee kwenye pistoni. Akamimina dawa, akangoja, akakwangua, akafyonza. Silinda ya tatu peke yake ilimla saa nzima.

Jioni injini iliitika safi. Mwenye gari akanyoosha mkono apewe funguo. Fundi akazima, akazitia mfukoni.

"Sasa hivi ina moto, kaka. Njoo asubuhi, tuiwashe pamoja."