Nani Analipia Mtambo Unaounda DHIS2?

Zahanati za Kongwa na Chemba zikishajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya, takwimu za mwezi huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, na wataalamu wa Wizara ya Afya walioko Mtumba, Dodoma, huzisoma humo humo. Kufikia mwisho wa 2013 mfumo huu ulikuwa umefika mikoa yote ya Tanzania Bara, na kazi kubwa ya kuuoanisha na mahitaji yetu ilifanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hayo yanasemwa mara nyingi. Kinachosahaulika ni mahali programu yenyewe inapoundwa, na anayelipa bili ya mahali hapo.

DHIS2 ni programu huria yenye leseni ya BSD, na inaratibiwa na Kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo. Msimbo wake uko wazi GitHub. Hata hivyo, seva ya wizara haiendeshi msimbo ule. Inaendesha faili moja liitwalo dhis.war. Ili faili hilo lipatikane, kila badiliko la mwandaaji wa programu hupita kwenye seva maalumu, yaani mtambo wa kuunda: zana ya Maven inavuta maktaba za Java, msimbo unakompailiwa, majaribio yanajiendesha yenyewe, kisha Jenkins, programu inayosimamia hatua hizo, inatoa faili tayari kwa kusimikwa. Oslo hutunza matoleo matatu ya karibuni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo pengo moja la usalama likigunduliwa, huenda likahitaji kuzibwa, kuundwa na kujaribiwa mara tatu. Kazi hiyo haina sherehe ya uzinduzi, lakini bila hiyo hospitali inabaki na toleo lenye tundu.

Oslo walifanya jambo moja la busara sana. Fedha za Norad, Global Fund, PEPFAR na Gavi zimechangia kiini cha programu chenyewe, siyo tu miradi ya nchi moja moja. Mtambo wa kuunda na watu wanaoulinda wamo ndani ya kiini hicho. Mradi wa nchi fulani ukifungwa, Jenkins inaendelea kufanya kazi.

Kwetu mambo ni tofauti. Programu ndogo tunazoongeza juu ya DHIS2 huandikwa kwa fedha za mradi, na mradi ukiisha kinachobaki ni msimbo tu. Miaka miwili baadaye toleo la Node, programu inayoendesha msimbo wa JavaScript, lililotumika limeshaachwa, maktaba mojawapo haipatikani, na ufunguo wa kusaini programu ya Android uko kwenye kompyuta ya mtu aliyekwishahama. Ufunguo huo ukipotea, na haukuhifadhiwa kwingine, simu inakataa toleo jipya juu ya lile la zamani. Wanaochimba visima vijijini Dodoma wanalijua tatizo hili: mfadhili wa kuchimba hupatikana, wa kutengeneza pampu ni shida. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, udhaifu huu ulionekana wazi.

Mashine ya mtambo wa kuunda si ghali sana. Kinachoumiza ni saa za mtu wa kuilinda. Kuna pia gharama ya mtandao ambayo huko Ulaya hawaifikirii: mwaka 2020 Docker Hub, ghala la mtandaoni la taswira za programu, iliwawekea watumiaji wasiojisajili ukomo wa kupakua mara 100 kwa saa sita, ukihesabiwa kwa anwani ya IP. Maabara ya chuo yenye kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja humaliza mgawo huo haraka, na kazi ya wote inasimama. Dawa yake inajulikana: seva ya ndani inayohifadhi nakala za maktaba na taswira, kwa mfano Nexus, ili kila kitu kivutwe mara moja tu.

Dodoma ina pa kuweka seva hiyo na mtambo wa kuunda. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake hapa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki ya TEHAMA yenye wanafunzi wanaohitaji kazi halisi ya kujifunzia. Naamini kabisa fedha za kazi hii zinapaswa kuwa kwenye kasma ya matumizi ya kawaida, kama umeme wa ofisi, na zilipe mishahara ya watu wa kuulinda mtambo kabla ya vifaa. Kazi ya kwanza ya watu hao iwe kuchukua kila programu ambayo mikoa bado inaitegemea, kuiunda upya kutoka kwenye msimbo juu ya seva tupu, na kuandika zipi zimesimama na zipi zimegoma.