«Au» ya Kifungu cha 83: Kauli Ambatani katika Mantiki na katika Sheria ya Uchaguzi

Katika vitabu vya mantiki vinavyosomeshwa vyuoni, mlango wa kauli ambatani huwa mfupi na mkavu. Mwanafunzi huonyeshwa kauli mbili sahili, huambiwa aziunge kwa «na», kwa «au» na kwa «kama», kisha hupewa jedwali la kweli na uongo alijaze. Mifano yenyewe huwa ya mvua na mwavuli. Ni rahisi basi kudhani kwamba mlango huo hauna uzito nje ya darasa. Kumbe mwaka 2017 Kenya nzima ilikaa ikingoja maana ya «au» moja.

«Au» hiyo imo katika kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011. Maana ya kifungu hicho, kikifasiriwa kwa Kiswahili, ni kwamba hakuna uchaguzi utakaotangazwa kuwa batili kwa sababu ya kutofuatwa kwa sheria iliyoandikwa, iwapo yaonekana kuwa uchaguzi uliendeshwa kwa misingi ya Katiba na ya sheria hiyo, au kwamba kutofuatwa huko hakukuathiri matokeo. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika mwezi wa Agosti. Katika hukumu ya kina iliyosomwa tarehe 20 mwezi huo huo, majaji walio wengi walishikilia kwamba viungo viwili vya kifungu hicho hutenganishwa na «au»; kwa hiyo mlalamishi akithibitisha kimoja tu kati ya hivyo viwili, uchaguzi waweza kubatilishwa. Aliyeongoza mahakama ni Jaji Mkuu David Maraga, mzaliwa wa Bonyamatuta katika Nyamira, sehemu ya nchi ya Abagusii iliyomegwa kutoka Wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980. Lugha ya huko, Ekegusii, ina gose penye «au» na onye penye «kama», na hakuna mzee wa huko asiyejua kuyatumia maneno hayo mawili barazani. Swali la uhakiki ni kama «au» ya kifungu yaweza kubeba mzigo uliotwikwa.

Mfano wa karibu utafaa kuliko alama za hesabu. Nyamira na Kisii ni nchi ya chai, na mkulima huyapeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, ambako karani huyakagua na kuyapima. Kanuni ya kuchuma inajulikana: majani mawili na chipukizi. Na ichukuliwe kwamba kituo fulani cha kubuni kimebandika tangazo hili: «Hakuna majani yatakayokataliwa iwapo yamechumwa mawili na chipukizi, au iwapo yamefika kabla ya saa kumi.» Mkulima anakuja saa kumi na moja na majani mazuri. Karani anayakataa, akisema kwamba tangazo lina «au», basi kosa moja latosha. Mkulima huyo hana haja ya kusoma mantiki ili ajue kuwa ameonewa. Tangazo limempa njia mbili za kuokoka. Amepita moja, nayo yatosha. Ili majani yake yatoke nje ya ulinzi wa tangazo, sharti yawe mabaya na yawe yamechelewa.

Hii ndiyo kanuni iliyopewa jina la De Morgan, Mwingereza aliyeieleza katika karne ya 19, ingawa wanavyuoni wa Ulaya wa karne ya 14, Ockham miongoni mwao, waliijua kwa maneno matupu. Kukana «A au B» ni kukana A na kukana B pia. Kukana «A na B» ni kukana angalau kimoja. Kiswahili kinayo kanuni hii ndani ya neno moja, nalo ni «wala». Asemaye «hakula wala hakunywa» amekana yote mawili, na hakuna msikilizaji atakayedhani kwamba huenda alikunywa. Ajabu ni kwamba sarufi zetu huliweka «wala» katika orodha ya viunganishi na kuliacha hapo, hali ni kiunganishi chenye ukanushi ndani yake, cha namna ambayo Sheffer alionyesha mwaka 1913 kuwa peke yake chaweza kuzalisha viunganishi vingine vyote.

Kikipimwa kwa kanuni hiyo, kifungu cha 83 chasema kinyume cha kilichotolewa humo. Ngao yake huanguka tu pale uchaguzi usipoendeshwa kwa misingi wala makosa yake yasiache kuathiri matokeo. Majaji walisema kuwa kumtaka mlalamishi athibitishe yote mawili ni kukisoma kifungu vibaya, na wakaitaja «au» kuwa sababu mojawapo. Lakini «au» hiyo, ikiwa chini ya «hakuna… iwapo», ndiyo hasa inayomtaka athibitishe yote mawili.

Ilikuwaje basi? Asili ya maneno haya ni Uingereza. Sheria ya Kura ya huko ya mwaka 1872 ilikuwa na sentensi ya namna hii hii, ila iliunga viungo vyake kwa «na»: uchaguzi hautabatilishwa iwapo uliendeshwa kwa misingi na iwapo kasoro haikuathiri matokeo. Sheria ya 1949 ilifuata njia hiyo. Katika shauri la Morgan na Simpson, lililoamuliwa katika miaka ya 1970 kuhusu karatasi 44 za kura zisizopigwa mhuri, mahakama ya rufani ya Uingereza ilisema kwamba kasoro ya upande mmoja yatosha kuangusha uchaguzi. Walikuwa sahihi kabisa, kwani kukana «A na B» ni kukana angalau kimoja. Kenya ilikuja kuwa na hitimisho la Waingereza juu ya sentensi ambayo si ya Waingereza, maana mahali fulani njiani «na» ilikwisha geuka «au».

Yafaa kusemwa kwa haki kwamba kusoma «au» kama ilivyoandikwa huleta nako matokeo ya ajabu. Uchaguzi ulioendeshwa vizuri, lakini ukakosewa hesabu kidogo hata aliyeshindwa akatangazwa mshindi, ungekingwa na kiungo cha kwanza. Na uchaguzi ulioendeshwa kwa kuivunja Katiba waziwazi ungekingwa na kiungo cha pili, mradi mshindi angeshinda vivyo hivyo. Hakuna mtunga sheria mwenye akili timamu anayekusudia hayo. Tena Katiba ya 2010 iko juu ya sheria zote, nayo katika ibara za 81 na 86 imeweka misingi ya uchaguzi ambayo sheria ndogo haiwezi kuisamehe. Kwa hoja hiyo hukumu yaweza kusimama. Udhaifu uko katika kuitegemeza kwenye sarufi, hali sarufi inavuta upande wa pili.

Mantiki ya jadi yasaidia kuona jambo jingine ambalo jedwali la kisasa hulificha. Aristotle alishughulika zaidi na kauli sahili. Waliozichambua kauli ambatani ni Wastoiki, na hasa Chrysippus katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mtengano wao ulikuwa mkali: moja ni kweli na nyingine ni uongo, basi. Wanamantiki wa Kiarabu waliomfuata Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, walienda mbele zaidi. Waliigawa kauli ya sharti kuwa ya kuungana na ya kutengana, kisha ile ya kutengana wakaipa sura tatu: inayokataza yote mawili kuwa kweli pamoja na yote mawili kuwa uongo pamoja, inayokataza kukutana tu, na inayokataza utupu tu, yaani yote mawili yasikosekane. Kiswahili, ambacho kimepokea maneno «mantiki» na «sharti» kutoka Kiarabu, hakikuupokea mgawanyo huu, na ni hasara. «Utasafiri kwa basi au kwa matatu» ni ya kwanza au ya pili. «Mwenye kitambulisho au pasipoti aingie» ni ya tatu, kwani mwenye vyote viwili hafukuzwi mlangoni. Mantiki ya kisasa, tangu Jevons alipomsahihisha Boole katika miaka ya 1860, imeichagua sura ya tatu na kuifanya ndiyo «au» rasmi. Lugha haikuambiwa. Msemaji anayetaka sura ya kwanza hurudia neno: «ama ukae ama uondoke».

Hapa pana tanzu la Kikenya lisilofaa kupitwa. Redioni na magazetini husikika «aidha A au B», ambapo «aidha» imefanywa ifanane na neno la Kiingereza linalotanguliza mtengano. Lakini «aidha» ni «tena», «zaidi ya hayo». Ni neno la kuongeza, si la kutenga. Lugha ambayo neno lake la kuunganisha limeanza kutumika kutenganisha haina budi kuwa na waangalizi pindi sheria zinapofasiriwa.

Kwenye kauli ya sharti tofauti ya jadi na kisasa ni kubwa zaidi. Philo wa Megara alisema kwamba sharti ni uongo pale tu kitangulizi kinapokuwa kweli na kifuatizi uongo. Frege mwaka 1879 na waliomfuata walimrudia. Chrysippus hakuridhika: alitaka pawe na mshikamano, hata kukana kifuatizi kugongane na kitangulizi. Waarabu vilevile walitofautisha sharti la lazima na sharti la sadfa. Kiapo cha Abagusii, emuma, chaonyesha kwa nini mshikamano huo hutakiwa. Anayeshukiwa wizi wa ng'ombe hukana mbele ya wazee kwa kujifunga kwa sharti: ikiwa nilimchukua, na nipatwe na balaa. Kwa jedwali la Philo, asiyeiba amesema kweli papo hapo, kwa kuwa kitangulizi ni uongo, na hakuna la kungojea. Lakini wasikilizaji hungojea. Wanachopima ni kama balaa itafuata kwa sababu ya tendo. Isipofuata, hurudi nyuma na kusema hakuiba. Bila mshikamano, kiapo kingekuwa maneno matupu.

Ni jambo hili hili linalofanya kiungo cha pili cha kifungu cha 83 kuwa kigumu kuliko kilivyoonekana. «Kutofuatwa kwa sheria hakukuathiri matokeo» inaonekana kama kauli sahili yenye ukanushi. Si sahili hata kidogo. Imebeba sharti ndani yake, nalo kwa Kiswahili hudai kiambishi chake maalumu: kama sheria ingalifuatwa, matokeo yangalikuwa yale yale. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizitenga -nge- na -ngali- na ile -ki- ya «akija», na kila mwalimu hufundisha hivyo. Kinachosahauliwa ni kwamba msemaji wa -ngali- amekwisha kukubali kuwa kitangulizi ni uongo: sheria haikufuatwa. Jedwali la Philo basi lingeikubali sentensi hiyo bila kuuliza kitu, na lingeikubali pia sentensi ya mpinzani, kwamba matokeo yangalikuwa mengine. Jedwali linaloafiki pande zote mbili za kesi halimsaidii hakimu. Anachohitaji ni ushahidi wa yale ambayo hayakutokea, na ushahidi huo ni adimu. Yamkini ndiyo sababu majaji walio wengi walisimama zaidi kwenye kiungo cha kwanza, ambacho hujibiwa kwa fomu na kumbukumbu, na kuzungumzia jinsi kasoro zilivyoharibu uadilifu wa uchaguzi wote badala ya kuhesabu kura ambazo zingaliongezeka au kupungua.

Kisa hakikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2017 Bunge liliirekebisha sheria. Katika kifungu cha 83 liliondoa «au», likaweka «na», likaongeza kwamba athari kwa matokeo iwe kubwa. Wengi, walioyaunga mkono marekebisho hayo na walioyapinga, waliyaelewa kuwa yamemzidishia mlalamishi mzigo: sasa athibitishe yote mawili. Hapo ndipo kanuni ya De Morgan ilipowacheka wote. Kwa «na», ngao huanguka kiungo kimoja kikikosekana. Maana yake Bunge, likikusudia kuipinga tafsiri ya mahakama, liliandika sentensi ambayo tafsiri hiyo ndiyo inayotoka ndani yake kwa unyoofu, na likairudia bila kujua sheria ya Waingereza ya 1872. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyatangaza marekebisho hayo kuwa kinyume cha Katiba, na «na» ikaondoka.

Mfasiri atakayekiweka kifungu hiki kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii kwa ajili ya baraza la Kebirigo au la Ogembo, atakuwa na maandishi mawili yasiyopatana: sentensi ya sheria na maana iliyotolewa na mahakama. Akiandika «iwapo A au B» atakuwa mwaminifu kwa sentensi, na mzee atakayemsikiliza ataelewa kama mkulima wa chai alivyoelewa. Akitaka kuwa mwaminifu kwa mahakama itambidi aupindue muundo wote na kuanza na kubatilisha: «Uchaguzi waweza kubatilishwa iwapo haukuendeshwa kwa misingi ya Katiba na ya sheria, au iwapo, sheria ingalifuatwa, matokeo yangalikuwa mengine.» Hapo «au» iko mahali pake, na -ngali- pia.