Killer of Sheep: kazi ya mwanafunzi isiyoomba kazi

Wanafunzi wa filamu na sanaa za habari wakikaribia kumaliza chuo, neno linalotawala ni potifolio. Mwanafunzi anaambiwa akusanye kazi zake, achague zinazong'aa, kisha atengeneze moja kubwa ya kufungia shahada ili mwajiri akiifungua aone kila anachokiweza: droni, rangi, uhariri wa haraka haraka, muziki wa kupandisha mori. Kwa kazi yangu ya uandishi wa habari nimetazama nyingi za namna hiyo. Ni safi, kwa kweli. Tatizo ni kwamba ukishazima kompyuta hukumbuki zilimhusu nani.

Ndiyo maana nataka tuizungumzie Killer of Sheep ya Charles Burnett. Filamu hii imesifiwa sana, na mwaka 1990 iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, kiasi kwamba mtu husahau kuwa ilikuwa kazi ya chuo. Burnett aliiwasilisha UCLA mwaka 1977 kumalizia shahada ya uzamili. Bajeti yake haikufika dola 10,000. Alipiga picha siku za wikiendi, sehemu kubwa kati ya 1972 na 1973, kwa ukanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, huko Watts, mtaa wa Los Angeles alikokulia. Aliandika mwenyewe, akaongoza, akashika kamera, akahariri. Wengi wa wanaoonekana humo si waigizaji wa kazi.

Chuoni hapo wakati huo walikuwepo pia Haile Gerima kutoka Ethiopia na Julie Dash, vijana waliochoshwa na filamu za Hollywood ambazo mtu mweusi alikuwa ama jambazi ama shujaa wa bastola. Burnett alijibu kwa kumchagua Stan, baba wa familia anayefanya kazi machinjioni. Stan halali usingizi. Mkewe anamtaka, yeye yuko mbali. Hiyo ndiyo hadithi yote, na ukisubiri tukio kubwa la kuigeuza utasubiri mpaka mwisho.

Sasa chukua kipande cha injini. Stan na rafiki yake wanakwenda kununua injini ya gari iliyotumika. Wanaibeba wawili, wanashuka nayo ngazi kwa tabu, wanahema, wanaipandisha nyuma ya pikapu na kuiacha pembeni kabisa mwa bodi. Mtazamaji anaona kabisa kitakachotokea. Gari linaondoka kwenye mwinuko, injini inaanguka, inapasuka. Wanashuka, wanaitazama, basi, wanaiacha pale pale. Kamera inabaki nyuma ya pikapu na injini inazidi kuwa ndogo barabarani. Hakuna muziki wa huzuni wala uso uliokaribiwa ili tuone chozi. Pesa ya mshahara imekwenda na jasho limekwenda, na mchana unaendelea kama kawaida.

Ukikipima kipande hicho kwa vigezo vya potifolio, kitaanguka. Ni kirefu, hakionyeshi ufundi wowote wa kumvutia mwajiri, na ukikata sekunde 30 za kupachika kwenye klipu ya kujitangaza hakibaki kitu. Nguvu yake iko kwenye muda tuliolazimishwa kubeba ile injini pamoja nao. Burnett aliweza kutupa muda huo kwa sababu hakuwa anamuuzia mtu chochote. Chuo kilimpa kamera na sababu ya kuitumia, naye akaielekeza kwa watu aliowajua tangu utotoni.

Kuna pia lile tukio la kucheza. Stan na mkewe wanacheza taratibu gizani, dirisha likiwa nyuma yao, Dinah Washington akiimba "This Bitter Earth". Kaycee Moore, anayeigiza mke, anamshika mumewe kama mtu anayejaribu kuuwasha moto kwenye kuni mbichi. Wimbo unakwisha, Stan anajitoa na kuondoka. Sijui filamu nyingine ya ndoa inayosema mengi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Isiwe kwamba naisifia tu. Sauti ni mbovu mahali pengi, baadhi ya mazungumzo yanasomwa kama darasani, na pale picha za kondoo zinapokaa jirani na picha za watoto wanaocheza kwenye vifusi, naona mkono wa mwanafunzi anayeogopa hatutaelewa. Tungeelewa tu, wale watoto wanaoruka kutoka paa moja hadi jingine wanatosha.

Lakini uhuru huo wa mwanafunzi ulikuwa na bei yake, na hapa wanaotengeneza kazi zao za mwisho mwaka huu wasikilize vizuri. Burnett alijaza filamu nyimbo alizozipenda, Paul Robeson, Dinah Washington na wengine, bila kununua haki za kuzitumia kwenye sinema. Kwa kazi ya kusahihishwa na walimu hilo halikuwa na shida. Matokeo yake, filamu ilipata tuzo ya wakosoaji Berlin mwaka 1981, ikapita kwenye matamasha na vyuo, lakini majumba ya sinema ya kawaida haikuyaona mpaka 2007. Kufikia hapo chuo kilikuwa kimeikarabati na kuihamishia milimita 35, na haki za muziki ziligharimu kama dola 150,000, yaani zaidi ya mara 15 ya bajeti nzima.

Na bado wimbo mmoja haukupatikana, "Unforgettable" ulioimbwa na Dinah Washington, uliokuwa mwishoni. Waliotazama 2007 walisikia "This Bitter Earth" ukirudi mara ya pili huku kondoo wakiingizwa machinjioni. Unafaa, tena unafaa kupita kiasi, kwa sababu unakubaliana na picha. Wimbo wa mapenzi juu ya wanyama wanaokwenda kuchinjwa ulikuwa na ukatili ambao huu wa pili hauna, na mwanafunzi wa UCLA alikuwa ameusikia vizuri.