Jina Ambalo Sanamu Haikulitaja

Wengi wetu tukienda Posta tunaipita Sanamu ya Askari bila kuitazama. Kama kazi ya sanaa ni nzuri: askari wa miguu, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vya 1914–1918.

Kasoro yake imo katika maandishi yaliyo chini. Mtunzi wake ni Rudyard Kipling, naye anaahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Lakini pale hapana jina hata moja. Kipling alijua uchungu huo: mwanawe John, mwenye miaka 18, aliuawa Ufaransa mwaka 1915, na baba alikufa bila kujua kaburi lake. Hata hivyo jina la John limehifadhiwa. Wapagazi wetu, waliokufa kwa maradhi na njaa, wameachiwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao.

Isaya 43 inatufundisha kwamba Mungu humwita mtu kwa jina lake. Basi sisi wa Temeke na Kinondoni, majirani wa kambi za Twalipo na Lugalo, tusiwaombee askari kwa jumla tu. Vijana wa Tanzania waliouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake. Tuyatafute majina hayo, tuyasome ibadani, na wafiwa wayasikie.