Mizinga Mlangoni

Msomaji, ukibahatika siku moja kufika London, usiache kulizuru Jumba la Makumbusho ya Vita liitwalo Imperial War Museum. Lilianzishwa mwaka 1917, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa bado vinapiganwa, na tangu mwaka 1936 limo katika jengo ambalo zamani lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Wapo wasemao kwamba vita havikupata kutafutiwa nyumba iliyo bora zaidi.

Mbele ya mlango imewekwa mizinga miwili ya manowari. Kila mmoja una uzito upatao tani 100, na upana wa kinywa chake ni inchi 15. Utastaajabu, kama wastaajabuvyo wote. Lakini ukisha kustaajabu, umejifunza nini? Mzinga uliosimamishwa peke yake hutueleza habari za nguvu tu. Haumtaji aliyeuelekeza, wala yule aliyekuwa mbele yake. Hili ndilo kosa la majumba mengi ya namna hii: chuma hung'arishwa hata mtazamaji akasahau kwamba kiliundwa ili kiue.

Ingia ndani basi, ukatazame kitu kidogo kuliko mizinga ile. Mwaka 1944 Wajerumani walianza kuurushia mji wa London makombora ya V-1, yaani ndege ndogo zisizo na rubani. Mwaka 2021 jumba lilifungua kumbi mpya, moja ya Vita Vikuu vya Pili na nyingine ya mauaji ya Wayahudi, na kombora moja la V-1 likatundikwa kati ya kumbi hizo, lionekane kutoka pande zote mbili. Waliolipanga hivyo hawakubahatisha. Makombora hayo yaliundwa pia na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, waliotumikishwa ndani ya mahandaki ya mlimani. Kati ya watu wapatao 60,000 waliopelekwa katika kambi hiyo, kadiri ya 20,000 walikufa. Kwa hiyo chuma kile kile chawakumbusha waliouawa kilipoanguka, na waliokufa wakikiunda. Naona hakuna kitu kilichoonyeshwa kwa akili zaidi katika jumba zima.

Ukirudi kwetu, tazama kwa jicho hilo hilo. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, upo mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika mto Rufiji mwaka 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, wakaipeleka vitani nchi kavu, ikikokotwa na watu porini na matopeni. Katika vita hivyo wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yao walizidi 40,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tulitamkalo hata leo tusemapo Kariakor ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam. Utakaposimama mbele ya mzinga ule, jina la meli utalijua upesi. Uliza na kamba zilikuwa mabegani mwa nani.